Uzi wa majina ya managu na vitunda vyake: osuga, lisutsa, rinagu, namasaka, isoiyot

MbeguMagharibi (Kakamega)

Wadau, salamu. Maswali ya mbegu ya managu yamekuwa mengi, kwa hiyo nimeona tufungue uzi mmoja wa kupanga majina. Shida ni hii: wa Nakuru anaagiza "managu", wa Kisumu anamtumia "osuga", miche ikikua huyu analalamika kwamba ametumiwa magugu. Hakuna aliyedanganya. Majina yetu ya kienyeji yanataja mboga, hayataji aina ya mmea, na chini ya kila jina kuna mimea mitatu minne ambayo ni ndugu lakini kila mmoja una tabia zake.

Majina nayaanzisha, nanyi mwongeze. Kiswahili ni mnavu, na Tanzania wengi husema mnafu. Kikuyu ni managu, na hilo ndilo limeteka masoko ya mijini kote. Kijaluo ni osuga. Kiluhya ni lisutsa, kwingine esufwa, na Wabukusu wanaita namasaka. Kisii ni rinagu. Wakipsigis na Wanandi wanasema isoiyot. Wakamba wanasema kitulu. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, Waganda wanaita nsugga, jina linalokaribiana sana na osuga.

Sasa, ukitaka kujua una nini shambani, acha majani kwanza. Majani hubadilika kwa mbolea, kivuli na mvua. Subiri kitunda kiive:

Kitunda kikubwa, zambarau iliyokolea hadi nyeusi, kipenyo cha sentimita moja na zaidi, kinabaki kwenye kikonyo hata kikiiva: hiyo ni Solanum scabrum, ile ya majani mapana. Ndiyo inayolimwa sana siku hizi, na ndiyo Wakameruni wanaiita njama-njama.

Kitunda cha rangi ya chungwa au manjano, wakati mwingine kikielekea wekundu, kidogo kuliko hicho cha kwanza, kinadondoka kikiiva: Solanum villosum.

Kitunda kidogo cheusi kinachong'aa, vyote vya kichala vikitokea karibu nukta moja, ukigusa tu kinaanguka: Solanum americanum.

Kitunda kinachobaki kijani au kijani cha kahawia hata kikiiva, nusu yake imefunikwa na kikombe cha ua, na mmea mzima una vinyweleo vinavyonata: Solanum sarrachoides. Huyu ni mgeni kutoka Amerika Kusini na shambani ni magugu.

---

Shamba_Njoro (Nakuru)

Asante kwa kufungua. Niongeze vitambulisho vya kabla ya kitunda, maana si kila mtu ana subira ya kungoja.

Angalia ua. Yote yana petali nyeupe, lakini katikati kuna vile vijiti vya chavua vilivyosimama pamoja. Kwa villosum ni vya manjano safi. Kwa scabrum mara nyingi vina rangi ya kahawia au zambarau iliyofifia. Halafu shika shina: scabrum ina shina lenye kona, na kwenye kona kuna ukingo uliojitokeza, wakati mwingine wenye meno madogo. Pitisha kidole kutoka chini kwenda juu utauhisi.

Sarrachoides utaijua kwa mkono hata ikiwa na majani manne tu. Inanata. Kwenye kitalu ing'oe mapema, maana inapendwa mno na utitiri mwekundu, hasa ule unaomaliza nyanya. Ukiiacha kando ya nyanya unafuga wadudu kwa hiari yako.

---

NyarKano (Kisumu)

Swali. Huku kwetu osuga yenye vitunda vya machungwa inachukuliwa na wengine kuwa ni ile nyeusi ambayo haijaiva. Wanangoja igeuke nyeusi. Ni kweli inageuka?

---

MbeguMagharibi (Kakamega)

Haigeuki, dada. Kitunda cha villosum hutoka kijani, kikapauka, kikawa manjano kisha chungwa, na hapo kimefika. Ukingoja zaidi kitadondoka na ndege watakimaliza. Kile cheusi nacho hutoka kijani moja kwa moja kwenda zambarau bila kupitia chungwa. Ukiona rangi zote mbili kwenye mstari mmoja, basi mbegu yako ilichanganyika, hizo ni aina mbili.

Hili lina uzito kwa anayekula kitunda chenyewe. Kwa yote yanayoiva, kijani ni hapana. Kitunda kibichi kina solanini na alkaloidi za jamii hiyo kwa wingi, na zinapungua kikiiva. Mtoto akila vibichi anaweza kuumwa na tumbo, kutapika, kuhara, kichwa kumuuma na kulegea. Na tusidanganyane kwamba moto unaondoa: solanini haiharibiki kirahisi kwa kuchemsha, sehemu yake tu hutoka na maji. Kwa hiyo mkichuma majani ya kupika, toeni vitunda vya kijani vinavyoshikana na ncha za matawi. Ile ndiyo kazi ya kuchambua, si kuondoa vikonyo peke yake. Mtoto aliyekula vingi akaanza kutapika apelekwe hospitalini, na mbebe tawi lenye vitunda ili daktari aone.

---

KiptooSeed (Kericho)

Kwenye majina, tuweke onyo moja. Isoiyot na isagek yanachanganywa sana na watu wa mjini wanaoagiza kwa simu. Isagek ni sagaa, mmea tofauti kabisa, wenye majani ya vidole vitano na ganda refu jembamba la mbegu. Hauna kitunda cha nyama hata kimoja. Atakayesema "nataka ile ya isa..." aulizwe amalize neno.

---

BosongoFarm (Kisii)

Mzee Kiptoo umesema kweli, na kwetu ni hivyo hivyo. Sagaa kwa Kisii ni chinsaga, kwa Kijaluo dek, kwa Kiluhya tsisaka, kwa Kikuyu thageti. Sasa chukua namasaka ya Wabukusu uweke kando ya tsisaka ya majirani zao: anayesikia haraka ataandika kimoja badala ya kingine. Mfanyabiashara anayetoa mzigo soko la Chwele kwenda soko la Daraja Mbili ni bora atumiwe picha ya kitunda kuliko jina.

Na kuna tunda lingine linaloingia kwenye mjadala huu kila mara: chinsobosobo. Hilo si rinagu. Ni lile tunda la rangi ya dhahabu linalokaa ndani ya ganda jepesi lililokauka kama karatasi, Physalis. Kikuyu wanaita nathi, Wajaluo nyatonglo, Waganda entuntunu. Mmea wa nathi na wa managu ni wa jamii moja na nyanya na viazi, ndiyo maana miche yao inafanana ikiwa midogo. Nathi ina majani laini yenye vinyweleo, yenye umbo la moyo, na ua lake ni la manjano lenye madoa meusi katikati. Managu ua ni jeupe. Hapo tu umeshamaliza kutofautisha.

Kuna jambo linalowachanganya wanaotafuta mtandaoni. Afrika Kusini, Wazulu wanapolisema neno hilo hilo, umsobosobo, wanamaanisha managu nyeusi, na jamu ya sobosobo ya kule inatengenezwa na vitunda vya managu. Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya kule ukadhani ni chinsobosobo ya kwetu, utapika tunda ambalo silo.

---

NyarKano (Kisumu)

Nyatonglo ndiyo, hilo halina ubishi. Ila mtu asichume nyatonglo ganda likiwa kijani. Ganda likauke, liwe rangi ya nyasi kavu, na tunda la ndani liwe la dhahabu. Mara nyingi lililoiva limeshaanguka chini, na chini ndiko pa kuokota. Lililo kijani nalo lina sumu kama la managu.

---

Mdadisi_Milimani (Nakuru)

Nimekuwa nikifuatilia kimya. Naomba kuuliza bila kubishana: kurasa nyingi za Ulaya zinaandika kwamba mnavu ni mmea wa kuua. Wanaonyesha kitunda cheusi kinachong'aa kabisa kama hiki. Tunakula nini basi?

---

MbeguMagharibi (Kakamega)

Swali zuri na linafaa kujibiwa polepole. Wanaoandika hivyo mara nyingi wanazungumzia Atropa belladonna, ambayo ni jamii ya mbali kidogo na ni sumu kali kweli. Asili yake ni Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi, na si mmea wa porini kwetu. Tofauti inaonekana kwa macho: belladonna inatoa kitunda kimoja kimoja kwenye kwapa la jani, kikubwa, kimekaa juu ya kikombe kipana chenye ncha tano kilichofunguka kama nyota, na ua lake ni la kengele, zambarau iliyochanganyika na kahawia. Managu yanatoa vitunda kwa kichala, maua yake ni madogo meupe, petali zimerudi nyuma.

Managu yetu yamekuwa mboga muda mrefu, na kazi ya kuyarudisha mezani ilisukumwa sana na watafiti wa hapa nyumbani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) ni mmoja wa waliotetea mboga za kienyeji wakati wengi walikuwa wakiziita magugu. Kwa hiyo asiwepo wa kukutisha kwa picha ya mmea usiokua kwetu. Ila lile onyo la kitunda kibichi libaki palepale.

---

Shamba_Njoro (Nakuru)

Cha kuogopwa hapa kwetu kipo, na ni huyu mwenye vitunda vya manjano kando ya barabara na kwenye malisho: Solanum incanum. Majina yake: Kikuyu mutongu, Kijaluo ochok, Kikalenjin labotwet, Kiswahili mtunguja. Hicho hakiliwi. Kitunda ni kikubwa kuliko cha villosum mara kadhaa, kigumu, kinakuwa manjano kikiiva, na mmea una miiba kwenye shina na hata kwenye mshipa wa jani. Ua lake ni la zambarau. Anayewafundisha watoto "cha manjano kinaliwa" awafundishe na huyu siku hiyo hiyo: managu hayana miiba kamwe.

---

Mama_Mboga_Bora (Kakamega)

Mimi nataka upande wa mbegu. Mbegu ninayokamua mwenyewe inaota kidogo sana, ya pakiti inaota vizuri. Nakamua kitunda juu ya gazeti, naanika, basi.

---

MbeguMagharibi (Kakamega)

Mama, tatizo liko kwenye ute. Nyama ya kitunda ina sukari na vitu vinavyozuia mbegu kuota, na ukikausha mbegu na ute wake unaifungia ndani. Fanya hivi.

Chagua mimea ya mbegu mapema, kabla hujaanza kuvuna majani. Weka mistari miwili hivi kando na usiivune kabisa, maana mmea unaokatwa ncha kila wiki hutoa vitunda vichache na vidogo. Pita ukiangalia ua na shina kama Njoro alivyosema, ng'oa usiofanana na wenzake.

Vuna vitunda vilivyoiva vyema. Kwa villosum chuma kila siku mbili tatu, kwa sababu vinadondoka. Kwa scabrum usidanganywe na weusi. Kitunda kikiwa cheusi na bado kinang'aa, ndani bado ni kigumu na mbegu nyingine hazijakomaa. Ngoja mng'ao upotee, ngozi iwe na ukungu hafifu wa weusi mkavu, na ukikibonyeza kwa vidole viwili kilegee. Inaweza kuchukua wiki mbili tangu kigeuke rangi.

Viponde ndani ya ndoo kwa mkono, si kwa kinu, maana kinu kinapasua mbegu. Mimina maji kiasi cha kufunika. Funika kwa kitambaa, acha ndani ya nyumba. Kisumu siku moja na nusu hadi mbili zinatosha kwa joto la kule. Nakuru na Kericho ngoja hadi siku tatu. Utaona mapovu juu na harufu ya uchachu. Usipitishe hapo. Ukisahau siku tano, mbegu zinaanza kuota ndani ya maji na zikikauka zimekufa.

Baada ya hapo jaza maji, koroga, acha zitulie. Mbegu nzuri inazama, maganda na mbegu tupu yanaelea. Mwaga ya juu taratibu. Rudia mpaka maji yawe meupe na mbegu zisiteleze ukizisugua kati ya vidole. Chuja kwa chujio la chai, yale ya matundu madogo.

Kukausha ni kivulini penye upepo, juu ya kitambaa au sahani. Gazeti linashikana na mbegu. Jua kali la saa sita juu ya mabati linaipika. Geuza kila mara siku ya kwanza zisigandane. Zikikauka zinamwagika kama mchanga, kila moja peke yake.

---

Mama_Mboga_Bora (Kakamega)

Asante sana. Kumbe ute. Na kiasi cha kupanda?

---

KiptooSeed (Kericho)

Gramu moja ina takriban mbegu elfu moja, kwa hiyo kijiko kidogo cha chai ni maelfu, zaidi ya unavyohitaji kwa bustani ya nyumbani. Wengi wanaharibu hapo: wanamwaga nene, miche inasongamana, inarefuka bila nguvu na kuoza shingo. Changanya mbegu na mchanga mkavu mara kumi ya kiasi chake, nyunyiza kwenye vijifereji vyenye kina cha nusu sentimita, funika kwa udongo laini, weka nyasi juu na uziondoe mara miche ikichomoza. Inachomoza baada ya wiki moja hivi, kwenye baridi inachelewa.

Hamisha miche ikiwa na majani matano hadi sita. Mstari kwa mstari sentimita 30. Kwa scabrum acha nafasi ya kutosha kati ya mche na mche, kwa sababu inapanuka. Ya kuvuna majani utoe maua mara yanapotokea, mmea utaendelea kutoa majani muda mrefu zaidi. Ya mbegu usiguse maua.

Na msipande baada ya viazi au nyanya. Wa Molo na Mau Narok wanajua: mnyauko wa bakteria unaobaki kwenye udongo wa viazi unakula managu vilevile, maana ni jamii moja. Baada ya viazi panda mahindi au kabichi kwanza.

---

BosongoFarm (Kisii)

Kuhusu mbegu kuchanganyika, watu wanalaumu nyuki. Managu hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, na scabrum na villosum hazizaliani kirahisi kwa sababu idadi ya kromosomu ni tofauti: scabrum ina 72, villosum 48. Mchanganyiko mwingi unatoka kwa ndege wanaoangusha mbegu shambani, samadi yenye mbegu ndani, na ndoo iliyotumika kukamulia aina nyingine. Osha ndoo na chujio. Mbegu moja iliyobaki kwenye tundu la chujio inatosha kuleta kelele msimu ujao.

---

NyarKano (Kisumu)

Na hii jamu ya sobosobo, inafaa kwa osuga ya kwetu?

---

BosongoFarm (Kisii)

Inafaa kwa ile nyeusi kubwa, scabrum. Villosum ni tamu ikiiva lakini ni ndogo na mbegu ni nyingi, utachoka kuchuma kabla sufuria haijajaa. Scabrum mbichi, yaani isiyopikwa, haina ladha ya maana na ina uchungu, kwa hiyo usiihukumu ukiwa shambani.

Vitunda vilivyoiva hadi kupoteza mng'ao, kilo moja. Chambua kimoja kimoja, toa vikonyo, na chochote chenye kijani kitupe. Osha. Weka kwenye sufuria na maji ya kufunika tu, chemsha. Yakichemka tia robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Povu litapanda na kugeuka kijani, usishtuke, ni ile rangi ya zambarau inavyoitika magadi. Tumia sufuria ndefu maana linafurika. Mwaga maji hayo, suuza mara moja, uchungu mwingi umeondoka nayo. Rudisha kwenye moto na kikombe kimoja cha maji safi, ponda, chemsha dakika 15. Tia sukari gramu 700 na maji ya ndimu tatu. Rangi itarudi zambarau iliyokolea mara tu ndimu ikiingia. Koroga kwa moto wa wastani hadi tone likiwekwa kwenye sahani baridi lisitiririke. Bila ndimu haigandi na inabaki na ladha bapa. Chupa ziwe zimechemshwa na zikiwa moto unapojaza.

Jihadhari na nguo, na kwa meza ya mbao tandika plastiki. Rangi yake ni ya kudumu.

---

Shamba_Njoro (Nakuru)

Ombi kwa wanaouza na kununua hapa: kwenye tangazo andikeni jina la kienyeji, eneo, na rangi ya kitunda kilichoiva. Mfano: "Osuga, Nyakach, kitunda chungwa" au "Managu, Njoro, kitunda cheusi kikubwa". Wa Nakuru anayetaka majani mapana ya kupeleka soko la Wakulima atajua aombe cheusi kikubwa. Anayependa ladha kali ya kienyeji ataomba chungwa.

---

Mdadisi_Milimani (Nakuru)

Nimeelewa sasa. La mwisho: mbegu ikishakauka inakaa muda gani?

---

MbeguMagharibi (Kakamega)

Ikikauka vizuri na kufungwa isipate unyevu, msimu ujao na unaofuata utaitumia bila wasiwasi. Adui ni unyevu, hasa kando ya ziwa. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbegu ndani ya karatasi, na chini weka jivu kavu lililochekechwa linywe unyevu. Mfuko wa plastiki mwepesi haufai, unapitisha. Weka mahali penye giza na baridi, mbali na jiko.

Kabla ya kupanda kila msimu, hesabu mbegu 50, ziweke juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa, pahali pa joto. Baada ya siku kumi hesabu zilizoota. Zikiwa 40, panda kawaida. Zikiwa 25, ongeza mbegu mara mbili. Zikiwa chini ya hapo, kamua upya. Na kwenye karatasi ya chupa uandike jina, mahali ilipotoka, mwezi na mwaka, na rangi ya kitunda.